UZI: Kocha wa besiboli ya kiangazi Marekani anaishi na mchezaji miezi miwili, ila kuna neno haruhusiwi kumwambia

DerevaWaMasafa (mleta uzi)

Wakuu, heshima yenu.

Mimi ni dereva wa basi huku Wisconsin. Shule zikifungwa, basi langu hukodishwa na timu moja ya besiboli ya kiangazi. Huu ni msimu wangu wa sita. Mwanzoni mchezo wenyewe nilikuwa siuelewi kabisa, naona tu vijana wamesimama uwanjani wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Sasa naujua, na yanayouzunguka nayajua zaidi, kwa sababu kocha akikaa siti ya nyuma yangu na kupiga simu saa saba usiku, mimi masikio sina pa kuyaweka.

Nimefungua uzi kwa sababu kuna mdau aliandika kule kwingine kwamba makocha wa timu hizi wanakula raha, eti wanachagua vijana bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mkuu, hawachagui. Wanagawiwa.

Kwa wasiojua: vyuo vina msimu wao, kuanzia Februari hadi Juni. Likizo ikifika wachezaji wanatawanyika kwenye ligi za kiangazi. Yenye heshima kuliko zote ni ya Cape Cod, Massachusetts, timu 10 za miji midogo ya pwani, inajihesabia historia toka 1885, na mtazamaji anaombwa mchango tu mlangoni. Ninayoizungukia mimi ni Northwoods League, imeanza 1994, na hii ni biashara kamili: tiketi, bia, fataki, mechi 72 kuanzia mwisho wa Mei mpaka katikati ya Agosti. Hesabu mwenyewe siku za kupumzika. Iko ya Alaska pia, ambako mji wa Fairbanks kila mwaka unacheza mechi moja usiku, siku jua linapokaa sana angani mwezi Juni, bila kuwasha taa hata moja.

Huku kiangazi vijana wanashika gongo la mbao, sio la chuma kama vyuoni, kwa sababu ligi kuu ya kulipwa (MLB) inatumia mbao na skauti wake, wale wasaka vipaji, wanataka kuona mkono wa kweli. Mshahara hakuna. Wakilipwa kwa kucheza wanajiharibia sifa ya kuchezea chuo. Wanalala kwa familia za mjini zinazojitolea chumba na chakula.

Sasa kiini. Timu ya kiangazi haina mchezaji wake. Wote ni wa kuazima. Meneja wetu anaanza kupiga simu majani yakianza kudondoka mwezi wa kumi, na hampigii mchezaji, anampigia kocha wa chuo. Kocha wa chuo ndiye anasema huyu aende Cape, huyu nawapa nyie, yule abaki chuoni anyanyue vyuma. Na anayesema hivyo anabanwa na kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ambazo zimeandikwa kwa ajili ya vyuo. Timu ya kiangazi haina kura humo. Kazi yake ni kuzipokea tu.

Nitaendelea, acha nikajaze mafuta.

Mpemba_wa_Tandika

Siti ya mbele kabisa, nimekaa.

Ila mkuu, nimesoma "gongo la mbao" nikajua unazungumzia Gongo la Mboto. Au ile ya kunywa.

KijanaWaUpanga

Hayo ya kuazima nimekuelewa haraka. Ni kama mchezaji wa ligi kuu akishuka mchangani kwenye ndondo. Goti likienda, klabu yake inalia na wewe mwenye ndondo huna la kujibu.

DerevaWaMasafa

@KijanaWaUpanga hapo hapo. Tofauti ni kwamba ndondo mchezaji anatoroka, huku anatumwa na kocha wake mwenyewe, tena na masharti. Nimewahi kuona karatasi ya mrushaji mmoja (yule anayemrushia mpigaji mpira): asirushe zaidi ya idadi fulani ya mipira kwa usiku mmoja, asirushe siku mbili mfululizo, na ile mipira inayopinda sana asiirushe kabisa. Kocha wetu anayo kwenye simu. Watu 4,000 wamekata tiketi, mechi imesawazishwa, mrushaji yuko moto, na kocha anamtoa kwa sababu kuna mzee Tennessee huko amesema basi.

Tuendelee. Kanuni ya kwanza: chuo cha daraja la kwanza (ngazi ya juu kabisa ya NCAA) hakiruhusiwi kuweka wachezaji zaidi ya 4 kwenye timu moja ya kiangazi. Sababu yake haina ubishi. Bila hiyo, chuo chenye hela kingechukua kikosi chake kizima, kikakivisha jezi nyingine, kikaendelea na mazoezi kiangazi chote huku kinasema sio sisi. Lakini kwa meneja wa mji mdogo maana yake ni kwamba hawezi kumtegemea rafiki mmoja. Kikosi chake cha watu 30 na kitu kinamtaka awe na urafiki na makocha wengi kweli kweli, kila mmoja na matakwa yake.

Kanuni ya pili ndiyo inauma makocha. Kama wewe ni kocha wa chuo fulani, huwezi kufundisha timu ya nje yenye mchezaji wa chuo chako ambaye bado ana miaka ya kucheza. Hata mmoja. Tuseme meneja anamtaka kocha msaidizi wa chuo kizuri aje kuongoza timu kiangazi. Akimwajiri, wale wanne ambao angewapata kutoka chuo hicho amewakosa. Umemchukua mpishi, na jiko lake umelifunga. Ndiyo maana timu nyingi zinaongozwa na makocha wa vyuo vya miaka miwili, au vya madaraja ya chini, au wastaafu. Wenye majina makubwa hawamo kwenye basi.

Mama_Zawadi_NC

Niongeze kidogo, maana hili nalijua kwa upande wa mzazi. Niko North Carolina, natoka Kitale, na kijana wangu anacheza chuo cha miaka miwili.

Makocha wa vyuo vikubwa hawako kwenye mabasi ya kiangazi kwa sababu ingine pia: kiangazi ndio wakati wao wa kusaka wanafunzi wa sekondari. Kalenda ya NCAA inawaruhusu kutoka nje na kuonana na vijana miezi hiyo, na mashindano ya vijana yamejaa Georgia na Florida kila wikendi. Tulikaa Georgia siku tano kwenye viwanja vya LakePoint, joto la kukausha omena. Ukiangalia nyuma ya wavu unaona makocha wamepanga viti vyao vya kukunja, kila mtu na kofia ya chuo chake na ile bunduki ya kupima kasi ya mpira. Na hawakuongea na watoto wadogo hata salamu, kwa sababu toka 2023 kocha haruhusiwi kuwasiliana na kijana mpaka Agosti mosi, kabla hajaanza mwaka wa tatu wa sekondari ya huku. Wanaangalia tu, wanaandika.

Kwa hiyo kocha msaidizi anachagua: aende kufundisha kiangazi ajenge jina, ama aende kusaka vijana alinde kazi yake. Kwani wewe ungechagua nini?

DerevaWaMasafa

Shikamoo mama, umenisaidia sana. Na hapo kulikuwa na kundi moja lililokuwa linaziba pengo: makocha wa kujitolea. Kila chuo cha daraja la kwanza kilikuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wa kulipwa, na mmoja wa kujitolea asiyelipwa kwa kazi hiyo. Yule wa kujitolea alikuwa hawezi kutoka kwenda kusaka wachezaji, kwa hiyo kiangazi yuko huru na ana njaa. Timu za kiangazi zilikuwa zinamwokota. 2023 NCAA wakafuta cheo hicho, akawa msaidizi wa tatu wa kulipwa. Makocha wa zamani wa kujitolea wakafungua kesi kudai jasho lao na wakafikia makubaliano ya mamilioni ya dola. Haki yao kabisa, siwaonei wivu. Ila mtu mwenye mshahara hana sababu ya kuja kulala kwenye basi langu akielekea Duluth.

FundiSimuKariakoo

Swali la kijinga: hiyo siri ya kichwa cha habari iko wapi? Neno gani hawezi kumwambia?

DerevaWaMasafa

Sio la kijinga, nilikuwa naizunguka.

"Njoo kwetu." Hilo ndilo neno.

Zamani mchezaji akihama chuo cha daraja la kwanza kwenda kingine, kwenye besiboli alikaa nje mwaka mzima. Wachache walithubutu. Oktoba 2018 wakafungua potali ya uhamisho, daftari la mtandaoni ambalo ukiandikishwa jina lako vyuo vingine vinaruhusiwa kukupigia. 2021 wakaruhusu kuhama mara moja bila kukaa nje. 2024 wakafungua kabisa, hama utakavyo mradi masomo yako yako sawa. Na dirisha la besiboli linafunguka lini? Mwanzoni mwa Juni, wakati sisi ndio tumeanza kusafiri. Kocha mkuu wa chuo akifukuzwa au akiondoka, vijana wake wanapata muda wa ziada. Makocha wanafukuzwa lini? Juni hiyo hiyo.

Kwa hiyo nina basi lenye vijana 30, pengine 8 wanafikiria kuhama, na siti ya mbele kakaa kocha ambaye kwa kazi yake ya mwaka mzima ni msaidizi kwenye chuo kinachotafuta shotistopu, yule mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu. Shotistopu yuko safu ya sita, amelala mdomo wazi. Kama jina la kijana halijaingia potali, kocha akimwambia neno moja la kumvuta amevunja kanuni. Kumrubuni mchezaji wa watu. Chuo chake kinaweza kuadhibiwa na yeye kazi inaota mbawa.

Sasa fikiria miezi miwili ya hivyo. Anamfundisha kushika gongo. Anakula naye. Kijana analia mbele yake kwamba chuoni hapangwi. Kocha anasema nini? Nimemsikia kwa masikio yangu: "Ongea na wazazi wako." Akanyamaza. Kisha akaniuliza mimi kama mvua itanyesha.

Mpemba_wa_Tandika

Duh. Akakuuliza mvua.

MwanasheriaMtoro

Mkuu nakuheshimu ila unamwonea huruma mtu asiyestahili. Usiniambie kwamba wote wananyamaza. Kuna mjomba, kuna kocha wa zamani wa mtaani, kuna wakala, siku hizi kuna na fedha. Toka Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. Kocha hana haja ya kufungua mdomo. Anamnong'oneza mtu anayemnong'oneza kijana. Kanuni inamfunga mjinga na mwaminifu tu.

Na pia: bila hiyo kanuni, timu ya kiangazi ingegeuka soko la samaki. Kocha wa chuo gani angekupa mrushaji wake bora ikiwa anajua anamkabidhi kwa mwizi?

DerevaWaMasafa

La soko la samaki nakubali. Kanuni ikiondoka sisi ndio tutaumia kwanza, hakuna atakayetuazima mtu. Tayari imeanza: makocha wa vyuo wanauliza timu yenu inafundishwa na nani, wa chuo gani. Wakisikia ni cha jirani, mshindani wao, wanapata udhuru. "Kijana amechoka, tutampumzisha." Uongo mtupu, wanaogopa.

La kunong'ona siwezi kubisha wala kuthibitisha. Mimi naona kioo cha nyuma tu.

Mama_Zawadi_NC

@MwanasheriaMtoro wewe unaongea juu ya mrushaji wa chuo kikubwa ambaye watu wanamnong'onezea. Wangu hakuna anayemnong'onezea. Huyo wa chuo cha miaka miwili anayetaka kupanda, kiangazi ndio dirisha lake la pekee, na sasa nafasi zimepungua. Mnajua kuhusu ile kesi ya House, ya wachezaji wa vyuo walioishtaki NCAA?

Zamani chuo cha daraja la kwanza kilikuwa na ufadhili wa masomo 11.7 kwa timu nzima. Ndiyo, nukta saba. Unagawanywa vipande kwa wachezaji wasiozidi 27, mtu anapata robo, mwingine nusu, na wengine wanajilipia. Kikosi kingefika 40. Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya ile kesi, na vyuo vilivyoingia humo sasa vinaweza kumfadhili kila mchezaji, lakini kikosi kisizidi 34. Ukisikia hivyo unafurahi. Halafu unatoa 40 toa 34, unazidisha na idadi ya vyuo, unajiuliza hao vijana wanaenda wapi. Wanashuka. Wanakalia kiti alichokuwa anakitazamia mwanangu.

Na kocha mwenye nafasi 34, akiweza kumchukua mtu wa miaka 22 kutoka potali, atamsubiri wa miaka 18 akue?

KijanaWaUpanga

Mama hapo umenifungua macho. Kwa hiyo kijana anaenda timu ya kiangazi kama kwenye usaili.

DerevaWaMasafa

Usaili ambao mwenye kampuni amekaa karibu na wewe na haruhusiwi kukuuliza swali. Ila @Mama_Zawadi_NC kijana wako kwa kuwa yuko chuo cha miaka miwili, yeye mlango wake ni tofauti kidogo. Hiyo kanuni ya kurubuni inawalinda walio vyuo vya miaka minne. Wa miaka miwili vyuo vikubwa vinaruhusiwa kumfuata kwa kalenda zao za kawaida. Kwa hiyo apige tu, asikae nyumbani.

Nimalizie na upande wa timu, maana huu ndio unalipa mafuta ya basi.

Oktoba meneja anajaza kikosi kwenye karatasi, majina mazuri. Kisha Juni inafika. Chuo kimeendelea kwenye mashindano ya taifa, fainali ni Omaha na zinaenda mpaka karibu mwisho wa mwezi, kwa hiyo wale hawaji bado. Anaita wa muda, vijana wa karibu, wa vyuo vidogo, wanasaini mkataba wa siku chache. Nawapenda sana hao wa muda. Wanabeba mizigo bila kuambiwa, na siku wenye nafasi wakifika kutoka Omaha wanashuka kwenye basi na begi, hawaombolezi.

Kisha potali. Kijana anaingia, chuo kipya kinamchukua, na kocha mpya anampigia: acha hiyo, njoo uanze masomo ya kiangazi na mazoezi ya nguvu huku. Kocha wetu anapata ujumbe asubuhi. Hana la kumshikia, hakuna mkataba wenye meno. Kisha Julai kuna drafti ya MLB, klabu za kulipwa zinachagua vijana kwa zamu (sio ile ya kijiweni ya vizibo vya soda). Zamani ilikuwa Juni, kabla hatujaanza kuchangamka. 2021 wakaisogeza katikati ya Julai, na siku hizi ina raundi 20 badala ya 40. Aliyechaguliwa anaondoka. Ambaye hakuchaguliwa anakaa anaangalia dirishani mpaka La Crosse.

Agosti ikifika, kwenye kile kikosi cha Oktoba nimewahi kuhesabu walioanza na kumaliza: 9. Kwa basi moja, msimu mmoja, msininukuu kama takwimu.

FundiSimuKariakoo

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walishasema.

MwanasheriaMtoro

Na mashabiki wanalipa tiketi kuangalia nini sasa kama majina yanabadilika kila wiki?

DerevaWaMasafa

Fataki. Hotdogi. Watoto kukimbizana na mdoli wa timu uwanjani. Nakwambia kweli. Timu ya Savannah, Georgia, wale Bananas, walianza kwenye ligi hizi hizi za kiangazi 2016, wakagundua watu wanakuja kwa vituko, 2022 wakaachana na mashindano ya vyuo moja kwa moja wakabaki na maonyesho yao. Wanajaza viwanja vya ligi kuu sasa. Nadhani walisoma alama za nyakati: vituko havina kocha wa kuvidai virudishwe.

Muganda_Mswahili

Nachangia kutoka Kampala, Kiswahili changu mnivumilie. Huku tunamjua Dennis Kasumba, yule mdakaji aliyekuwa anafanya mazoezi na matairi, video zikazunguka dunia. 2023 alienda Frederick, Maryland, akacheza na Frederick Keys kwenye ile ligi ya kiangazi ya MLB Draft League. Nauliza, kijana kama huyo ambaye hana chuo chochote nyuma yake, hizi ligi za mleta uzi zingempokea?

DerevaWaMasafa

Karibu sana ndugu, Kiswahili chako kizuri kuliko cha wengi humu.

Swali lako ni gumu. Ligi yetu ni ya wachezaji wa vyuo, na mlango wake ni simu ya kocha wa chuo. Asiye na kocha wa kumpigia simu, hana mlango. Ile aliyoingia Kasumba ni nyingine, imeanzishwa na MLB wenyewe kwa ajili ya drafti, ndiyo maana aliweza. Angeanzia chuo cha miaka miwili, apate kocha mmoja wa kumsemea, ndipo angefika kwetu. Nasema hivi nikijua viza peke yake ni kisa kingine.

Mpemba_wa_Tandika

Mkuu, yule shotistopu safu ya sita ikawaje? Usituache.

DerevaWaMasafa

Nilikuwa nangoja mtu aulize.

Jina lake liliingia potali Jumanne, tukiwa njiani. Akaambiwa na mwenzake aliyeliona kwenye simu kabla yeye mwenyewe hajathibitishiwa. Kocha wetu akasikia. Sasa alikuwa huru kuongea naye. Mimi nikasema moyoni, leo ndio leo. Alinyanyuka, akaenda mpaka safu ya sita, wakaongea kama dakika kumi, akarudi, akakaa. Nikamwangalia kwenye kioo. Akasema: "Ameshaahidi kwingine. Toka wiki iliyopita."

MwanasheriaMtoro

Nilisema mimi. Kunong'ona.

DerevaWaMasafa

Labda. Au alimwuliza baba yake kama alivyoelekezwa, baba akamjibu.

Aliondoka kesho yake asubuhi, mama mwenyeji ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Nilipofagia basi nikakuta glovu yake chini ya siti, ya ngozi, ina jina la chuo cha zamani limeshonwa kwa uzi mwekundu. Nimempigia meneja nimtumie wapi, chuo cha zamani au kipya. Kaniambia niiweke kwanza, kocha wa huko kipya naye kuna tetesi anaondoka.

Iko hapa kwenye droo ya dereva. Kesho safari saa kumi na moja alfajiri, nitajibu maswali jioni.